Maziwa Hayaoshi Mapafu

Maswali ya Wasomaji: Kazi na Afya

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Kibaigwa, Hombolo na Mtumba. Tumeitanguliza ya fundi wa granaiti kwa sababu swali lake limejirudia kwenye barua kadhaa: mtu akinywa maziwa baada ya kazi, sumu inatoka?

Bosi anatununulia maziwa kila jioni

*Habari za kazi wahariri. Mimi ni fundi wa kukata granaiti za jikoni na za makaburi, huu mwaka wa nne. Tunakata kwa grainda, kavukavu, ndani ya banda la mabati. Jioni tunatoka weupe kama tumeshinda kwenye mashine ya kusaga. Bosi wetu si mtu mbaya, kila siku anatununulia maziwa nusu lita kila mmoja yasafishe kifua, na puani tunajifunga kitambaa kilicholowa maji. Siku hizi nikipanda ngazi na jiwe begani nahema sana, na kikohozi kikavu hakiishi. Niongeze maziwa au kuna dawa? — Fundi, Nkuhungu, Dodoma*

Pole na kazi, fundi. Maziwa kunywa, ni chakula kizuri. Lakini yanakwenda tumboni, na vumbi limekwenda mapafuni. Njia hizo mbili huachana kooni na hazikutani tena. Hakuna kinywaji kinachofika lilipo vumbi, iwe maziwa, soda, chai ya tangawizi au kitu kingine chochote. Bosi wako ana nia njema, na kwa sababu hiyo tunaamini atasikia: pesa ya maziwa ya miezi michache inaweza kuanza kulipia maji ya kukatia mawe, na maji hayo ndiyo yatakayookoa vifua vyenu.

Hayo mavumbi yanayowafanya mwe weupe ni mazito. Mengi hunaswa puani na kooni, mkayatema. Hatari iko kwenye vumbi msiloliona. Siku ya jua, zimeni mashine, msubiri nusu saa, kisha tazama mwale wa jua unaopenya tundu la msumari kwenye bati. Vile vichembe vinavyoelea bado havijatua. Vilivyo vidogo zaidi ya hapo, chini ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele, huelea kwa saa nyingi na hushuka hadi mwisho kabisa wa mapafu. Granaiti kwa kawaida ina silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, kati ya asilimia 20 na 40. Chembe ya silika ikifika kule chini, seli za ulinzi huimeza, zikafa, na mahali zilipofia panabaki kovu. Kovu juu ya kovu, pafu linakuwa gumu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Kwa kawaida huchukua miaka zaidi ya 10, lakini kwa wanaokata kavu ndani ya banda kama ninyi unaweza kuja ndani ya miaka 5, au chini ya hapo. Silika pia huongeza hatari ya kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo wiki hii nenda hospitali yenye eksirei. Ukifika usiseme tu "nakohoa". Sema: nakata granaiti kavu, mwaka wa nne, ndani ya banda. Omba picha ya kifua na kipimo cha makohozi. Tunasisitiza maneno hayo kwa sababu makovu ya silika kwenye picha hufanana na kifua kikuu, na mtu anaweza kupewa dozi ya TB zaidi ya mara moja bila yeyote kumuuliza anafanya kazi gani. Kama unavuta sigara, hapo ndipo pa kuachia.

Sasa bandani. Vumbi lizuiwe pale pale diski inapogusa jiwe, maana likishapaa huwezi kulikamata. Maji yamwagike kwenye diski bila kukatika, kiasi cha nusu lita kwa dakika. Ndoo ya lita 20 iliyoning'inizwa juu, yenye mpira mwembamba na koki, inakupa dakika 40 za kukata. Kunyunyiza jiwe kabla ya kuanza hakutoshi, kwa sababu diski ikishaingia ndani inakutana na jiwe kavu. Grainda ya kawaida ya umeme haikutengenezwa kwa maji, na huko mtu hufa kwa shoti kabla ya kufa kwa vumbi. Tafuteni mashine iliyotengenezwa kukatia na maji, na kwenye laini yake mfunge swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Matope ya kukatia yazolewe yangali mabichi, yatiwe kwenye mfuko na kufungwa. Yakikauka sakafuni na mtu akafagia, vumbi lote mlilolizuia asubuhi linarudi hewani jioni. Na tafadhali, acheni kupulizana nguo kwa kompresa. Kujipuliza hurudisha hewani vumbi lililoshika nguo, nanyi mkalivuta.

Wakati mnaandaa maji, hamishieni kazi nje leo hii. Simama upepo ukupige ubavuni. Wengi hudhani upepo wa mgongoni ndio mzuri, kumbe ukikupita unajizungusha mbele ya kifua chako na kukurudishia vumbi usoni.

Kitambaa kilicholowa kiacheni. Hewa hupita pembeni, na vumbi jembamba hupita katikati. Barakoa ya kazi hii imeandikwa FFP2 au N95, au bora zaidi FFP3. Ina mikanda miwili, mmoja kisogoni na mmoja utosini, na zote mbili zivaliwe. Binya kile kichuma cha puani kwa vidole viwili hadi kilale. Kisha funika barakoa kwa viganja na utoe pumzi kwa nguvu: ukihisi upepo machoni au mashavuni, haijakaa. Mwenye ndevu haitamkaa hata akiikaza vipi. Wakati wa mapumziko iwekwe kwenye mfuko safi, isitundikwe msumarini humo humo bandani.

Jambo la mwisho kwako. Mkianza kuletewa yale mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayong'aa, ambayo wateja wa jikoni wanayapenda, jueni kwamba mengi yana silika zaidi ya asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya vijana wengi wa kazi yako kuugua. Msiyakate kavu hata kipande kimoja.

Magoti yamechubuka na sikusikia maumivu

*Shikamooni. Ni saidia fundi kwenye jengo huku Mtumba. Juzi tulimwaga zege la sakafu, nikapiga magoti kusawazisha kuanzia saa mbili hadi saa nane. Usiku magoti yakaanza kuwaka moto, asubuhi ngozi imetoka na katikati pana rangi nyeusi. Wenzangu wamenipaka dawa ya mswaki. — Kijana wa Mtumba*

Marahaba. Hiyo imeungua kwa saruji, na rangi nyeusi ina maana kidonda ni kirefu. Nenda hospitali leo, usisubiri wiki ya malipo. Dawa ya mswaki ioshe kwa maji safi, usipake kingine.

Saruji ikishakutana na maji inakuwa kali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Inakula ngozi polepole bila kuuma, ndiyo maana mtu hukaa nayo saa sita akidhani ni unyevu tu. Suruali iliyolowa zege ni kama bandeji iliyotiwa sumu: ivuliwe hapo hapo, na ngozi ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Gambuti lililoingia zege ndani ni baya kuliko mguu mtupu, maana linaifungia saruji kwenye ngozi. Kwa magoti, tumieni pedi zisizopitisha maji, au mpini mrefu wa kusawazishia ili mtu asipige magoti kabisa. Glavu ziwe za mpira. Za pamba hunyonya. Saruji au chokaa ikiingia jichoni, osha nusu saa nzima huku kope zimeshikwa wazi, ndipo uanze safari ya hospitali.

Vidonge vya mahindi vinaisha nguvu lini?

*Wahariri, mimi ni mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Nina stoo nyuma ya nyumba, sasa ina magunia 60 ya kilo mia mia. Naweka kidonge kimoja kila gunia nisibahatishe. Kijana wangu wa kulinda analala chumba cha pili, tumetenganisha kwa ukuta wa tofali. Wiki iliyopita aliamka kichwa kinamgonga, anatapika, kifua kimembana. Nikampa maziwa, saa sita mchana akawa mzima. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu. Vidonge hivi vinaisha nguvu baada ya siku ngapi? — Mama wa mahindi, Kibaigwa*

Mama, kabla hujamaliza kusoma: kijana huyo asilale humo usiku wa leo, wala mtu mwingine yeyote. Wala wewe usiingie stoo kukagua.

Dalili hizo, kwa mtu aliyelala ukuta mmoja na vidonge, zichukuliwe kuwa ni gesi. Vile vidonge ni fosfidi ya alumini. Kidonge chenyewe hakiui wadudu. Kinanyonya unyevu wa hewa, kinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua dumuzi, panya na binadamu bila kuchagua. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Inaonekana ndogo, basi tupige hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina hewa ya mita za ujazo 24. Kidonge kimoja kikimalizika humo, gesi inafika karibu sehemu 30 katika kila sehemu milioni za hewa. Kiwango ambacho nchi nyingi zimekitumia kwa miaka mingi kama ukomo wa mfanyakazi ni sehemu 0.3. Kwa hiyo kidonge kimoja kimekipita mara mia. Vidonge viwili vinakaribia sehemu 60, na kuanzia 50 wataalamu wanahesabu kwamba uhai uko hatarini papo hapo. Wewe umeweka vidonge 60.

Ukuta hausaidii. Fosfini hupita kwenye ufa, kwenye tofali lisilopigwa plasta, kwenye tundu la waya wa umeme, na zaidi ya yote juu, pale ukuta unapoishia na bati linaendelea. Stoo na chumba vikiwa chini ya paa moja bila dari iliyozibwa, hesabu kuwa ni chumba kimoja. Nenda ukatazame kwa nje, utaona.

Harufu nayo isikupe moyo. Watu husema ukinusa kitunguu saumu au samaki aliyeoza ndipo ukimbie. Harufu hiyo inatokana na uchafu ulioko kwenye kidonge, na mahindi yenyewe yanaweza kuinyonya, ikabaki gesi isiyonuka. Ishara moja ya pembeni: gesi hii hula shaba, kwa hiyo swichi, redio na simu zinazokaa karibu na stoo huharibika ovyo.

Kuhusu siku: hakuna jibu moja, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Gesi inategemea unyevu na joto. Huko kwenu wilaya ya Kongwa wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na usiku wa Juni na Julai ni baridi, basi kidonge kinafanya kazi polepole. Mtu anahesabu siku tatu kama alivyoambiwa dukani, anaingia, kumbe kidonge hakijafika nusu. Kwa kawaida dawa huachwa imefungwa siku 7 hadi 10. Baada ya hapo, turubai na milango hufunguliwa kuanzia nje, upande wa upepo na upande wa pili, na stoo inaachwa ipite hewa angalau saa 48 kabla ya mtu kufanya kazi ndani. Mwenye kipima gesi apime, asikadirie.

Kuongeza vidonge pia hakuui wadudu zaidi. Gesi ikiwa nyingi ghafla, mdudu anazubaa na kupunguza kupumua, halafu anaamka gesi ikishapungua. Mayai ndiyo sugu zaidi. Kinachohitajika ni muda mrefu ndani ya turubai lisilovuja. Vibandiko vingi kwa magunia yaliyofunikwa vinaelekeza vidonge 2 au 3 kwa tani. Tani zako 6 ni vidonge 12 hadi 18. Kibandiko cha kopo lako kikisema tofauti, fuata hicho.

Vidonge visichanganywe na mahindi ndani ya gunia, kwa sababu majivu yake yanaingia kwenye unga. Huwekwa kwenye trei au karatasi chini ya turubai, kimoja kimoja. Vikirundikwa, au vikidondokewa maji, gesi hutoka kwa kasi na inaweza kuwaka yenyewe. Pembe za turubai hukandamizwa kwa mifuko mirefu ya mchanga ili zisivuje. Kopo lifunguliwe nje, na watu wawe wawili. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hata kidogo. Anayeweka vidonge anahitaji kinyago kinachofunika uso wote, chenye kichujio kilichoandikwa kuwa kinafaa kwa fosfini. Ndiyo maana kazi hii ipewe mpiga dawa mwenye leseni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Na stoo inayopigwa dawa isiwe imeungana na nyumba wanamolala watu. Yako imeungana, Mama. Hata ukiweka vidonge 12 badala ya 60, hapo si mahali pake.

Kwa mzigo wako kuna njia nyingine: mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mahindi yaliyokauka vizuri, unyevu usizidi asilimia 13, yanashindiliwa ndani, tabaka za nailoni zinafungwa moja baada ya nyingine, na wadudu wanakufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Gharama ya mwanzo ni kubwa kuliko kopo la vidonge, lakini mfuko usiotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Maziwa hayakumponya kijana. Kilichomponya ni kutoka nje. Aliyevuta gesi hii atolewe kwenye hewa safi, akalishwe, asitembezwe, apelekwe hospitali pamoja na kopo au picha ya kibandiko. Fosfini haina dawa maalumu ya kuiondoa. Madaktari hushikilia moyo na pumzi hadi mwili uishinde. Na mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, hata siku mbili, mtu akiwa ameshasema amepona. Kwa hiyo ikitokea tena kwa yeyote, nafuu ya mchana isiwe sababu ya kuahirisha.

Vidonge vilivyoko ndani sasa hivi mwachie mpiga dawa mwenye leseni avitoe. Majivu ya kijivu yanayobaki bado yana gesi kidogo, hayatupwi jalalani wala chooni, na yasikusanywe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Tunaitwa kufunga zabibu dawa haijakauka

*Sisi ni akina mama vibarua wa mashamba ya zabibu Hombolo. Vijana wanapiga dawa alfajiri, saa tatu sisi tunaingia kufunga matawi na kupunguza majani. Macho yanawasha, mikono ina vipele, na nguo zinanuka dawa hadi nyumbani. Wawili kati yetu wananyonyesha, mmoja ni mjamzito. Mwenye shamba anasema salfa si sumu. — Vibarua, Hombolo*

Dada zetu, salfa haiui haraka kama dawa za wadudu, hilo mwenye shamba yuko sahihi nusu. Lakini inaunguza macho na ngozi yenye jasho, na kwenye zabibu haipigwi peke yake. Dhidi ya ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, wengi huchanganya dawa ya mankozebu, ambayo Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha idhini yake mwishoni mwa 2020, moja ya sababu ikiwa ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Mjamzito asiingie kabisa kwenye shamba lililopigwa dawa hiyo. Apewe kazi nyingine, kama kupanga makreti au kazi ya kitalu kisichopigwa dawa.

Kila kibandiko kina muda wa kungoja kabla ya watu kuingia shambani. Kwa salfa na mankozebu vibandiko vingi vinaandika saa 24. Maana yake dawa ya Jumatatu alfajiri inaruhusu kufunga matawi Jumanne. Ratiba hiyo haimgharimu mwenye shamba senti moja: safu za upande mmoja zipigwe leo, ninyi mfanye kazi upande wa pili, kesho mbadilishane. Apige rangi kwenye nguzo, au afunge kitambaa chekundu mwanzoni mwa safu iliyopigwa, ili hata mgeni ajue.

Kwenu dawa inaingilia ngozini kuliko puani. Majani ya mzabibu yako kwenye waya usawa wa uso na kifua, na umande wa asubuhi huiyeyusha dawa upya, ikateleza mkononi hadi kwapani. Kwa sababu mnafanya kazi mikono ikiwa juu, glavu za mpira ziwe nje ya mkono wa shati, na ukingo wake ukunjwe kwenda juu kama mfereji mdogo wa kukinga matone. Anayepiga dawa chini, kama kwenye mboga, hufanya kinyume: mkono wa shati unashuka juu ya glavu. Miguuni suruali huwa nje ya gambuti siku zote. Lile gauni la kazi liwe na mikono mirefu, livuliwe shambani, na lisifuliwe beseni moja na nepi. Nawa mikono na kifua kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Kwa vijana wa bomba: hatari kubwa kwao ni ile dakika ya kupima na kuchanganya, kwa sababu dawa bado haijapunguzwa makali. Glavu na miwani zivaliwe hapo hata kama wanaona uvivu kuzivaa baadaye. Kabla ya kutia dawa, bomba lijazwe maji matupu na libebwe dakika mbili. Mgongo ukilowa, mpira wa mfuniko umekufa na lisitumike siku hiyo. Nozo iliyoziba isafishwe kwa mswaki laini, kamwe isipulizwe kwa mdomo. Salfa ipigwe asubuhi mapema, maana joto likizidi nyuzi 30 hivi inaunguza na majani yenyewe. Na utepe wa rangi chini ya kibandiko unasema ukali: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kijani ya mwisho. Ukikuta nyekundu, dawa hiyo si ya bomba la mgongoni.

Mtu akianza kutokwa mate na jasho jingi, macho kuona ukungu na kuharisha baada ya kupiga dawa ya wadudu, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni, na mbio hospitali na chupa ya dawa. Huko wana dawa ya kumsaidia, ila wanahitaji kujua jina la sumu.

Homa inakuja kila nikichomelea GI

*Nachomelea mageti Majengo. Nikifanya kazi ya mabomba ya GI, usiku napata homa na baridi, mdomo una ladha ya chuma. Kesho yake nimepona. Jumatatu ndiyo inakuwa kali. Nakunywa maziwa kabla ya kuanza. — Fundi welda*

Ni moshi wa zinki iliyopakwa kwenye bomba. Homa huja saa 4 hadi 10 baada ya kazi na huisha ndani ya siku moja au mbili. Mwili huizoea katikati ya wiki, ukapoteza mazoea Jumapili, ndiyo sababu ya Jumatatu. Maziwa hayabadilishi kitu. Ondoa zinki kwa msasa au grainda sentimita 5 kila upande wa mshono ukiwa umevaa barakoa ya FFP2, chomelea nje, na usiinamie moshi: kichwa kikae pembeni ya mkondo unaopanda. Pima malaria hata hivyo, kwa kuwa homa haina jina usoni. Pumzi ikibana au homa ikipita siku mbili, nenda hospitali haraka. Vyuma vingine vimepakwa kadimi, ambayo huanza kama homa hiyo hiyo na inaweza kuua.

Nani anunue kinyago?

*Napulizia vanishi na rangi kwenye karakana ya samani. Kichwa kinazunguka kila jioni. Mwajiri anasema kinyago ninunue mwenyewe, mimi ni kibarua tu. Haki yangu iko wapi? — Mpuliziaji, Dodoma*

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa kwa wanaofanya kazi na vitu vyenye madhara, na kumwita mtu kibarua hakumwondolei wajibu huo. Msimamizi wa sheria hiyo ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Karakana inatakiwa isajiliwe huko, na wafanyakazi wapimwe afya. Ugonjwa uliotokana na kazi unafidiwa kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao michango yake hulipwa na mwajiri peke yake. Akikukata mshahara kwa ajili hiyo, amekosea. Kuanzia leo andika kwenye daftari tarehe, kazi uliyofanya, jina la rangi na ulivyojisikia. Daftari hilo ndilo daktari na ofisa watakaloliuliza kwanza.

Kinyago chenyewe kiwe sahihi. Mvuke wa thina hupita kwenye barakoa ya vumbi kama hewa ya kawaida. Unahitaji kinyago cha mpira chenye makopo ya mkaa kwa mvuke wa kikaboni, mkanda wa kahawia kwa mfumo wa Ulaya au mweusi kwa Marekani, na mbele yake kichujio cha matone ya rangi. Ukianza kusikia harufu ya thina ndani, makopo yamejaa. Kati ya kazi na kazi yafungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, la sivyo yanaendelea kujaa yakiwa kabatini. Kwa rangi za kuchanganya na kigumishi, zile za 2K, usitegemee harufu: kigumishi chake kinaweza kuleta pumu ya kudumu kabla hujanusa kitu. Hiyo ifanyiwe kwenye chumba chenye feni ya kutoa hewa nje, na mpuliziaji avute hewa safi iletwayo kwa mpira.

Kisha mwambie mwajiri amwombe muuza rangi karatasi ya taarifa za usalama ya kila kopo. Ina sehemu 16. Sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 8 inataja aina ya glavu na kinyago. Kurasa hizo mbili zitolewe nakala na zibandikwe ukutani, karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kuzing'oa akakimbia nazo hospitali.